Jumba Lililoshinda Mizinga Likaangushwa na Maji

Wapiganaji wengi wamepata kusikia, darasani au katika mazungumzo ya kambini, habari za vita vinavyotajwa kuwa vifupi kuliko vyote katika historia ya dunia. Ni vile vilivyopiganwa Unguja asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, vikaanza saa tatu na dakika mbili, na kabla ya saa nne vikawa vimekwisha. Wasiolijua jambo la pili ni wengi zaidi. Miongoni mwa majumba yaliyoelekezewa mizinga siku ile, moja lilisalimika. Likaendelea kusimama kwa miaka 124, likahudumia tawala tatu mbalimbali, kisha likaporomoka siku ya Krismasi ya mwaka 2020, katika amani kamili, pasipo adui wala mlio wa risasi.

Jumba hilo ni Beit al-Ajaib, ambalo wenyeji huliita Jumba la Maajabu. Nililizuru mwaka 2022, tulipovuka bahari kutoka Dar es Salaam, maofisa wachache, kwenda kuutazama Mji Mkongwe. Wakati huo lilikuwa likingojea kujengwa upya. Limezungushiwa uzio, na kuingia ndani hakukuruhusiwa. Ilitubidi kulizunguka kwa nje, mara kwa upande wa bustani ya Forodhani, mara kwa upande wa Ngome Kongwe iliyo jirani, kama doria inayochunguza boma ambalo haijui ndani yake mna nini. Mlinzi mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, alituitikia shikamoo zetu kwa upole, akatuonyesha mahali pa kusimama ili tuone vizuri, na akatuonya tusiukaribie ukuta.

Sura ya jumba ilikuwa ya kutisha kidogo. Upande mmoja, roshani zake pana zilikuwa bado zimepangana juu kwa juu, zikibebwa na nguzo nyembamba za chuma kana kwamba hakuna lililotokea. Upande wa pili ukuta ulikuwa umekatika, vyumba vimebaki wazi, na mtu aliweza kuona unene wa sakafu na rangi ya kuta za ndani ambazo hazikukusudiwa kuonwa na mpita njia. Mnara wa saa, ambao picha zake zilizunguka dunia nzima kwa kadi za posta, haukuwapo.

Aliyelijenga ni Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888. Lilikamilika mwaka 1883, nalo halikuwa makazi hasa bali jumba la sherehe na mapokezi. Barghash alikuwa mtu wa kupenda mambo mapya. Ndiye aliyeuletea mji maji ya bomba, na katika jumba hili zikawaka taa za umeme kabla ya nyumba nyingine yoyote kisiwani. Baadaye likatiwa lifti pia, na watu waliotoka bara wakisimulia habari zake walihesabiwa kuwa waongo. Jina la Maajabu lilikuja lenyewe.

Sharti nieleze namna lilivyojengwa, kwa maana humo ndimo ilimojificha sababu ya kuanguka kwake. Nyumba za kale za pwani hujengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na sakafu zake hulazwa juu ya boriti za mikoko. Mkoko hautoi mti mrefu sana, na kwa hiyo vyumba vya nyumba hizo huwa vyembamba kama korido, hata vya matajiri. Barghash alitaka kumbi pana. Akachanganya ya kale na ya kigeni: kuta nene za matumbawe na chokaa kwa desturi ya pwani, lakini nguzo na mihimili ya chuma iliyoagizwa ng'ambo. Kwa njia hiyo akapata ukumbi mkubwa wa katikati ulio wazi hadi juu, na roshani zinazolizunguka jumba pande zote. Hapakuwa na nyumba nyingine kama hiyo katika pwani yetu yote ya Afrika ya Mashariki. Lakini chuma kiliwekwa hatua chache tu kutoka bahari ya chumvi.

Sasa nirejee kwenye vita, kwa kuwa uwanja wake twaweza kuukagua hadi leo kwa macho ya kiaskari.

Tarehe 25 Agosti 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash, mwana wa yule aliyelijenga jumba, akaingia katika jumba la kifalme siku ile ile na kujitangaza kuwa Sultani. Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, na Waingereza walimtaka mtu mwingine, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda wa mwisho: saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27 awe ameteremsha bendera yake na kutoka. Katika bandari zilikusanyika manowari tano, St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow, chini ya Admirali Harry Rawson.

Tukiwa cheti tulifundishwa kwamba kabla hujamhukumu kamanda aliyeshindwa, kwanza simama pale aliposimama yeye. Basi nilisimama Forodhani, mgongo wangu ukielekea jumba na uso baharini. Majumba matatu ya kifalme, Beit al-Sahel, Beit al-Hukm na Beit al-Ajaib, yalikuwa yamepangwa kwa mstari mmoja kando ya maji, na yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili watu wa nyumba ya Sultani wapite bila kuonekana njiani. Mbele yake ni uwanda mtupu, kisha bahari. Hakuna kilima, hakuna mtaro wala msitu wa kurudi nyuma. Manowari zingeweza kutia nanga mahali zilipopenda na kupiga kwa mstari ulionyooka, na kila kombora lililokosa jumba la kwanza lingeweza kulipata la pili. Ukitafuta mahali pa kujihami visiwani humo, hapo ndipo ungepachagua mwisho.

Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800. Wengi wao walikuwa raia na watumwa waliopewa bunduki, lakini miongoni mwao walikuwamo askari waliofunzwa wapatao 700. Silaha zake nzito zilikuwa bombomu kadhaa, mzinga mmoja wa shaba wa karne ya 17, na mizinga miwili ya kisasa kidogo, ambayo ilikuwa zawadi ya Mfalme wa Ujerumani. Katika maji alikuwa na merikebu moja ya kivita, Glasgow, ambayo kwa kweli ilikuwa ya fahari kuliko ya vita.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Thrush ikauangusha mara moja mmoja wa mizinga ya Khalid. Glasgow ikathubutu kuifyatulia St George, manowari kubwa kuliko zote, ikajibiwa na kuzamishwa palepale bandarini. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi mwaka 1912, ilipovunjwavunjwa na kuondolewa, hivyo kwa muda wa miaka 16 kila aliyeingia Unguja kwa merikebu aliiona. Baada ya dakika kama 38 bendera ya Khalid ikaangushwa kwa kombora na moto ukakoma. Waingereza walikuwa wametumia makombora 500, risasi za bombomu 4,100 na risasi za bunduki 1,000. Watu wa Unguja waliouawa na kujeruhiwa wanakadiriwa kufikia 500. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, naye akapona.

Khalid mwenyewe alikwisha kukimbilia ubalozi wa Ujerumani, na kutoka huko akasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza, wakamhamishia visiwa vya mbali, na hatimaye akafia Mombasa mwaka 1927. Walioachwa ndani ya majumba yanayowaka ni wale wasiokuwa na ubalozi wa kukimbilia.

Katika habari hizi lipo jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita kwa haraka, na ambalo kwa maoni yangu ndilo linalotuhusu sisi zaidi kuliko hesabu ya makombora. Upande wa Waingereza nao walikuwapo askari wa Unguja wapatao 900, wakiongozwa na Luteni Arthur Raikes. Jeshi la Sultani lilianzishwa mwaka 1877 na ofisa wa Kiingereza, Lloyd Mathews, kwa amri ya Barghash. Lilifunzwa kwata moja, kwa amri zile zile. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti askari wa jeshi hilo walikuwa pande zote mbili za ukuta. Yamkini wamo waliokula sahani moja wiki iliyotangulia. Majina ya manowari tano yamehifadhiwa, na la admirali, na hata la merikebu iliyozama. Mimi nilizunguka eneo lile lote kwa muda wa asubuhi nzima nikitafuta kibao chenye jina la askari mmoja tu, wa upande wowote, nisikione.

Beit al-Hukm iliteketea kabisa, na mahali pake pakafanywa bustani. Beit al-Sahel iliharibika vibaya ikajengwa upya. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya majumba ulivunjika. Lakini Beit al-Ajaib, pamoja na ukubwa wake wote, ilipata madhara madogo tu. Katika matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, ndipo jumba lilipounganishwa na mnara wa saa. Kwa hiyo ule mnara ambao wageni wengi hudhani ni wa Sultani Barghash, ulikuwa alama ya ushindi wa waliompiga mwanawe.

Tangu mwaka 1911 jumba likawa ofisi kuu za serikali ya kikoloni. Humo zilifunguliwa na kufungwa faili za kodi, za karafuu na za polisi. Uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulidumu siku 33 tu chini ya serikali ile, ndipo yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964.

Na hapa mpiganaji wa Uganda hana budi kutega sikio. Mmoja wa walioongoza mashambulizi ya usiku ule alikuwa mwenzetu kwa kuzaliwa, John Okello, mtu wa Lango, aliyefika Pemba mwaka 1959 na ambaye katika maisha yake alikuwa amefanya kazi ya uashi. Akajipa cheo cha Field Marshal. Vikundi vya wanamapinduzi, vikiwa na silaha za moto chache mno, vilivamia kambi za polisi za Ziwani na Mtoni kabla ya mapambazuko na kuyateka maghala ya silaha. Ghala la silaha lilipotekwa, serikali nzima ilikuwa imetekwa. Wenzetu wa jeshi la polisi wanaolalamika kwamba lindo la ghala ni kazi ya kuchosha na isiyo na sifa wangefaa kuisoma habari ya Ziwani. Okello naye hakukaa sana. Kabla ya katikati ya mwaka 1964 alikuwa amekwisha kuondolewa visiwani, na habari zake zikakoma Uganda mwaka 1971.

Baada ya Mapinduzi jumba lilitumiwa kwa shughuli za chama cha Afro-Shirazi na mafunzo ya itikadi. Miaka ya 2000 ilipoanza likafanywa makumbusho ya historia na utamaduni wa Unguja na pwani ya Waswahili. Mwaka 2000 wenyewe, Mji Mkongwe wote ulikuwa umeandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Katikati ya ukumbi ule mkubwa kikawekwa chombo cha mtepe, aina ya jahazi la kale la pwani ambalo mbao zake hushonwa kwa kamba na halina msumari hata mmoja. Mtepe ulikuwa chini, na juu yake mihimili ya chuma ikiliwa na kutu.

Kutu hufanya kazi yake polepole na kwa siri. Chuma kikishika kutu huvimba. Kikiwa kimezikwa ndani ya zege au ukuta, kule kuvimba hukipasua kilichokizunguka, na katika ufa huo maji mengine huingia, na kutu huongezeka. Matumbawe nayo hunyonya unyevu na chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa ulioachwa upumue hukauka wenyewe baada ya mvua. Lakini fundi wa siku hizi akiuziba kwa plasta ya saruji, kwa nia njema kabisa, maji hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya, na jiwe hugeuka unga nyuma ya uso ulio imara na rangi nzuri. Kwa nje nyumba yapendeza. Inapopigwa na mvua za masika kwa miaka kadhaa mfululizo, paa likivuja mahali pamoja tu na mifereji ikiziba, kilichobaki ni kungoja siku.

Wala jumba halikunyamaza. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ilianguka. Mwaka 2014 jumba hili pamoja na jirani yake, Jumba la Makumbusho la Beit al-Sahel, yaliwekwa na shirika la World Monuments Fund katika orodha ya majengo yaliyo hatarini duniani. Wageni wakazuiwa kuingia, makumbusho yakafungwa. Serikali ya Oman ikakubali kugharimia matengenezo, na kazi ikaanza. Ilikuwa imekwisha kuanza, na mafundi wako ndani, pale tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka pamoja na mnara wake. Watu wawili walipoteza maisha chini ya kifusi. Mlinzi wetu, nilipomwuliza juu yao, alivua kofia yake na kuishika mkononi, kisha akaendelea kutueleza habari za nguzo.

Makombora yale 500 ya mwaka 1896, ambayo sehemu yake iliwaangukia majirani na kuwaangamiza, hayakuweza kufanya kilichofanywa na kutu na maji. Mpiganaji haitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Bunduki iliyopita vitani ikarudi salama yaweza kuharibikia ghalani kwa msimu mmoja tu wa mvua ikiwa haifunguliwi na kupakwa mafuta. Tofauti ni kwamba kamanda wa kikosi hukagua silaha, na aliyeiachia kutu hujulikana kwa jina na namba. Nyumba ya serikali hurithiwa na wizara hii kutoka wizara ile, na kila ajaye hukuta ufa akadhani ni wa zamani.

Palikuwa na ubishi kati yetu, tulipokaa Forodhani kunywa maji ya miwa, juu ya jumba lijengwe upya kwa sura gani. Mwenzetu mmoja, mhandisi wa jeshi, alishikilia kwamba sura ya mwaka 1883 ndiyo ya haki, kabla ya mnara wa Waingereza, na kwamba hakuna sababu ya kuutumia uhodari wa mafundi kurudisha alama ya kushindwa. Mwingine akasema mnara ule umekaa kichwani mwa mji kwa zaidi ya karne moja, wazee wamezaliwa wakiuona na kufa wakiuona, na kuuondoa ni kama kumpa mtu sura ya ujana wake ambayo hakuna aliye hai anayeikumbuka. Mimi niko upande wa huyu wa pili, ingawa hoja ya mhandisi ina uzito. Jumba lililofutwa mapigo yake halitaweza tena kusimulia kwamba lilipigwa. Lakini katika jambo la vifaa tulikubaliana sote na mhandisi bila ubishi. Chokaa kirudi mahali pa chokaa. Ufundi wa kuchoma matumbawe katika tanuri, kulikoroga chokaa na kuliacha lilale hadi lilainike, huchukua muda kuliko kufungua mfuko wa saruji. Hata hivyo kuta zilizobaki kusimama katika Mji Mkongwe zilijengwa kwa ufundi huo.

Kuhusu majina, rai yangu ni hii. Wakati jumba litakapofunguliwa kwa wageni, pawepo mahali pa majina ya wale wawili waliokufa wakilitengeneza, na kando yao pawepo nafasi kwa ajili ya askari wa mwaka 1896, waliokuwa ndani na waliokuwa nje, hata kama panaweza kuandikwa hesabu yao tu. Gharama yake ni kibao kimoja.

Mpiganaji au polisi atakayejaliwa likizo na nauli aende akajionee. Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili, na kutoka gatini hadi Forodhani ni mwendo wa miguu. Aanzie Ngome Kongwe, kisha aende hadi Beit al-Sahel, aitazame ile bustani tulivu iliyo kando yake, ambapo Beit al-Hukm ilisimama hadi saa tatu ya asubuhi ile. Halafu avuke barabara, asimame ukingoni mwa maji na kupima kwa macho umbali uliokuwapo kati ya nanga za manowari na milango ya Sultani. Katika utulivu wa asubuhi, kabla ya wauza pweza kuwasha makaa yao jioni na kelele za watoto wanaojirusha majini kuanza, atasikia kutoka nyuma yake, kama tulivyosikia sisi, mlio mdogo wa changarawe ikidondoka kutoka ukuta wa matumbawe.